Nimepoteza Imani na Madaktari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa mgonjwa aliyezungushwa kwa miezi kadhaa kutoka dirisha la maabara hadi dirisha la dawa bila kuambiwa anaumwa nini, na kwa ndugu aliyemuuguza mtu wake akaja kusikia, ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, kwamba dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Mifano mingi imechukuliwa Tanzania na Kenya, kwa kuwa ndiko zinakotumika taratibu tunazozieleza. Msimamo wetu ni kwamba imani iliyopotea kwa sababu ya kweli hairudishwi kwa kumhimiza mtu amwamini daktari. Ikirudi, hurudi kwa mgonjwa kuchunguzwa, kuelezwa, kuandikiwa na kufuatiliwa, yaani kwa mambo anayoweza kuyaona na kuyadai.

Je, ninakosea kutowaamini tena madaktari?

Hukosei. Mtu aliyelalamikia maumivu ya tumbo mwaka mzima, akawa anaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo kila anapokwenda, kisha akagundulika kuwa na saratani, amepoteza imani kwa sababu ya jambo lililompata, wala hastahili kuambiwa kwamba ana kiburi au kwamba hakusoma. Makosa ya kutambua ugonjwa ni mengi kuliko hospitali nyingi zinavyopenda kukiri. Ripoti iliyotolewa na vyuo vya taifa vya sayansi na tiba vya Marekani mwaka 2015 ilihitimisha kwamba watu wengi watapatwa na kosa la namna hiyo angalau mara moja maishani, na hiyo ni nchi yenye mashine na maabara za kila aina. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa mmoja katika kila kumi hudhurika anapopatiwa huduma za afya, na Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 17 Septemba tangu 2019, ilielekezwa mwaka 2024 kwenye suala hilihili la kutambua ugonjwa kwa usahihi.

Tunachokihofia ni hasira ya haki dhidi ya daktari mmoja kugeuka kuwa adhabu kwa mwili wa mgonjwa mwenyewe. Mwenye shinikizo la damu anaacha vidonge kwa sababu daktari wa macho alimdharau. Mjamzito anasusa kliniki kwa sababu dada yake alitukanwa na muuguzi wodini. Ugonjwa hauna habari na ugomvi huo, nao unaendelea na kazi yake. Kwa hiyo tunawashauri wasomaji watenganishe mambo mawili: nani aliyewakosea, na mwili unahitaji nini sasa.

Kwa nini kila nikienda naambiwa nina malaria, taifodi au UTI?

Swali hili huulizwa kwa uchungu mwingi, na jibu lake ni refu kwa sababu lina historia. Kwa miongo kadhaa miongozo ya tiba katika nchi zenye malaria iliruhusu, na kwa watoto wadogo ilielekeza, homa itibiwe kama malaria hata pasipo kipimo. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake: hadubini zilikuwa chache, malaria ilikuwa ikiua haraka, na dawa zilikuwa za bei nafuu. Gharama yake ikaonekana baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania wakitibiwa malaria kali. Damu yao ilipopimwa upya kwa uangalifu, waliokuwa na vimelea vya malaria walikuwa chini ya nusu, na wale wasio na vimelea walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wenye malaria ya kweli. Walikuwa na ugonjwa mwingine mkubwa, na baadhi yao hawakupewa hata antibiotiki.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelekezo kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kinachotoa majibu ndani ya dakika 20 hivi, kikafika hadi kwenye zahanati. Haya ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo mazoea ya kumpa kila mwenye homa jina la ugonjwa kabla hajatoka mlangoni hayakuondoka, na pale malaria ilipokanushwa na kipimo, taifodi na UTI zikachukua nafasi yake.

Kipimo cha taifodi kinachotumika sana mitaani ni Widal, na mgonjwa anapaswa kujua udhaifu wake. Widal hutafuta kinga ambayo mwili umetengeneza, na kinga hiyo inaweza kuwa imebaki kutokana na maambukizi ya zamani, chanjo, au vijidudu vingine vinavyofanana. Majibu ya Widal moja peke yake hayathibitishi kwamba homa ya leo ni taifodi. Kipimo kinachoaminika ni kuotesha damu maabara, kazi inayochukua siku kadhaa na ambayo vituo vingi vidogo havina uwezo nayo. Kuhusu mkojo, mara nyingi tatizo ni sampuli. Mwanamke hupewa kikopo bila kuelezwa kwamba anapaswa kujisafisha na kukinga mkojo wa katikati, kisha uchafu wa nje ya njia ya mkojo unasomwa kama ugonjwa, anaambiwa mkojo ni mchafu na kuondoka na sindano za siku tano.

Lipo na suala la fedha. Baadhi ya vituo huishi kwa mapato ya vipimo na dawa, na mgonjwa anayeondoka na mfuko mtupu haingizi kitu. Si kila daktari anayeandika dawa nyingi anatafuta fedha, na wengine huandika kwa sababu mgonjwa mwenyewe hukasirika asipopewa kitu. Lakini wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, nasi hatuoni sababu ya kuwafunika.

Basi ukiambiwa jina la ugonjwa, uliza kwa adabu kipimo gani kimeonyesha hivyo, na uliza pia, kama si ugonjwa huo, unaweza kuwa upi mwingine. Daktari mzuri hulijibu swali la pili bila kuona kwamba amevunjiwa heshima, kwa sababu ndilo swali alilofundishwa kujiuliza mwenyewe.

Nitajuaje kama ni uzembe au ugonjwa ulikuwa mgumu kutambulika?

Baadhi ya magonjwa hujificha kweli. Kidole tumbo kinaweza kuanza kama maumivu yasiyo na mahali maalumu, kifua kikuu cha uti wa mgongo kikaonekana kama maumivu ya kawaida ya mgongo kwa miezi, na mtu aliyeambukizwa VVU wiki chache zilizopita akapimwa akakutwa hana, kwa sababu kipimo bado hakijaweza kuyaona maambukizi. Daktari wa kwanza huuona ugonjwa ukiwa haujajitokeza. Daktari wa tatu huuona ukiwa umekomaa, akapata sifa ya kuugundua. Haki inatutaka tukumbuke hilo.

Kipimo kinachotumika na mabaraza ya taaluma na mahakama ni hiki: je, mtaalamu mwangalifu wa ngazi ileile, mwenye vifaa vilevile, angefanya nini kwa mgonjwa yule siku ile? Kwa kipimo hicho, afisa tabibu wa zahanati hahukumiwi kwa kukosa CT-scan, lakini anaweza kuhukumiwa kwa kutotoa rufaa.

Zipo dalili za huduma mbovu ambazo hata asiye mtaalamu anaziona. Mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo hakulazwa kitandani wala kushikwa tumbo. Majibu ya vipimo vya awali hayakusomwa. Hakuambiwa arudi lini wala arudi akiona nini. Na ile iliyo mbaya kuliko zote, kwa maoni yetu, ni dalili zilezile kutibiwa kwa dawa zilezile kwa mara ya tatu bila mtu yeyote kusimama na kujiuliza kama jina la ugonjwa lenyewe halikukosewa tangu mwanzo. Kwa miaka mingi wananchi wametangaziwa kwamba kikohozi cha wiki 2 na zaidi kinatakiwa kupimwa kifua kikuu. Mtu anayekohoa kwa miezi 2, akawa amemaliza aina tatu za antibiotiki bila makohozi yake kupimwa, ana sababu ya kulalamika. Vivyo hivyo kwa mwanamke mwenye uvimbe wa titi usioondoka, ambaye huambiwa kwamba yeye ni kijana mno kupata saratani, au kwamba ni maziwa tu. Umri mdogo hupunguza uwezekano lakini hauuondoi, na uvimbe wa namna hiyo unapaswa kuangaliwa kwa ultrasaundi au mamografia na, inapobidi, kuchukuliwa kipande kikapimwa.

Ni kweli kwamba watu wamewahi kupasuliwa kwa makosa?

Ni kweli, na yametokea katika hospitali kubwa zinazojulikana. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza linalofanana walibadilishana upasuaji: aliyekuwa na tatizo la goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo la kichwa alipasuliwa goti. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu kwa ajili ya damu iliyoganda ambayo hakuwa nayo, kwa sababu utambulisho wake ulichanganywa na wa mgonjwa mwingine. Watumishi walisimamishwa kazi, na nchi nzima ikazungumza. Kwa ndugu wa wagonjwa wengine waliokuwa wakingoja upasuaji wiki hiyo, mazungumzo hayo hayakuwa habari ya gazetini tu.

Yanayosemwa mara chache ni kwamba makosa ya aina hii yana kinga inayojulikana, na Tanzania ilikuwa mojawapo ya mahali ilipojaribiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji inayoilazimu timu nzima kusimama mara tatu, kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, ili kuthibitisha kwa sauti huyu ni nani, anafanyiwa nini na upande upi. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji mbalimbali duniani, mojawapo ikiwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyopo Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwa jumla ya hospitali hizo.

Kwa hiyo, ukiwa unakwenda kupasuliwa, una haki ya kuuliza kama orodha hiyo inatumika. Taja majina yako yote matatu kila unapoulizwa, hata kama umechoka kuyarudia, na uombe sehemu itakayopasuliwa iwekwe alama ukiwa macho.

Mama yangu amekataa kabisa kurudi hospitali. Tumlazimishe?

Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu, na nchini Kenya haki hiyo imeandikwa wazi katika Sheria ya Afya ya 2017 pamoja na wajibu wa mtaalamu kumweleza mgonjwa, kwa lugha anayoielewa, hali yake na matokeo ya kukataa. Kumbeba mama kwa nguvu na kumwingiza garini humthibitishia alichokwisha kuamini, kwamba huko hospitali mwili wake si wake.

Katika familia nyingi, wanapomwendea mzee wanakwenda watoto wote pamoja, kila mmoja na hoja yake, na mzee anajikuta kama yuko mbele ya baraza la ukoo. Ni afadhali aende mmoja, yule anayesikilizwa, akaketi na kuuliza: "Mama, siku ile ni nini hasa kilichokuumiza?" Majibu huwa hayatarajiwi. Wengine hawakuchukizwa na kosa la tiba hata kidogo; walichukizwa kuvuliwa nguo mbele ya wanafunzi bila kuombwa ruhusa, au kijana wa umri wa mjukuu kuwaita kwa namba, au kujadiliwa kwa Kiingereza wakiwa wamelala palepale. Ukishajua, unaweza kutafuta kituo kingine, kuomba ahudumiwe na daktari wa kike, au kuahidi kwamba utaingia naye na hutatoka chumbani, na uitimize ahadi hiyo. Akikubali sehemu tu, kwa mfano apimwe presha na sukari lakini asilazwe, ichukue sehemu hiyo bila kunung'unika.

Daktari alisema ni mawazo tu. Nifanyeje?

Sonona na wasiwasi ni magonjwa halisi yanayoweza kuleta maumivu halisi mwilini, na mtu anayeambiwa kwa heshima, baada ya kuchunguzwa, kwamba huenda hilo ndilo tatizo lake hajatukanwa. Tunachopinga ni "mawazo" kutumika kama jalala la kila ambacho daktari hakukielewa. Wanaotupwa humo mara nyingi ni wanawake na vijana. Mwanamke mwenye endometriosisi, ambaye tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mji wa mimba zimeota nje yake, anaweza kuzunguka kwa miaka akiambiwa kwamba kila mwanamke huumwa akiwa katika siku zake. Kijana mwenye selimundu, yaani sikoseli, hufika usiku akigaagaa kwa maumivu ya mifupa, na kwa kuwa hana jeraha wala homa kali anadhaniwa kwamba anatafuta sindano. Haya hutokea Tanzania, nchi iliyo miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo.

Mwombe daktari aandike kwenye faili dalili ulizozieleza, alichochunguza, na sababu ya kuona kwamba hakuna haja ya kipimo zaidi. Ombi hilo, likitolewa kwa sauti ya utulivu, humfanya afikiri tena, na lisipomfanya afikiri, daktari wa pili atakuwa na kitu cha kusoma.

Nikienda kwa daktari mwingine, nimfiche niliyoambiwa mwanzo?

Usimfiche. Wagonjwa wengi huficha kwa nia njema, wakitaka kuona kama daktari wa pili atafikia jibu lilelile mwenyewe, na matokeo yake hurudiwa vipimo vilevile kwa fedha zao, au hupewa dawa inayogongana na ile waliyokwisha kunywa. Njia nzuri zaidi ni kuanza na hadithi ya ugonjwa tangu siku ya kwanza: kilianza nini, kikafuata nini, kinazidi wakati gani. Akishasikia yote, mpe majibu na majina ya dawa. Ukianza na "mimi nina vidonda vya tumbo", hata daktari makini hujikuta akitembea ndani ya njia iliyokwisha kuchongwa na mwenzake.

Kutafuta maoni ya daktari wa pili si usaliti. Mkataba wa kitaifa wa haki za wagonjwa wa Kenya wa mwaka 2013 unaitaja kuwa haki, na madaktari wenyewe, wanapouguliwa na watoto wao, hufanya hivyohivyo. Kwa ugonjwa ambao tiba yake ni nzito, kama vile saratani, kuondolewa kiungo au kizazi, tungependa kila mgonjwa aipate nafasi hiyo kabla ya kusaini fomu ya idhini, ilimradi hali yake si ya dharura.

Je, naweza kupewa nakala ya faili langu?

Karatasi huwa mali ya hospitali, lakini taarifa zilizomo ni zako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake. Andika barua fupi kwa mganga mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali, utaje tarehe ulizotibiwa na nyaraka unazozitaka. Usingoje hadi kuwe na ugomvi. Kila ukitoka na majibu ya maabara yapige picha kwa simu, na kila ukiruhusiwa kutoka wodini omba muhtasari wa matibabu kabla ya kuondoka.

Daktari akisema "sijui", nimkimbie?

Mshike huyo, hasa akiongeza atakachofanya ili ajue na siku ya kurudi.

Kuna ubaya gani nikienda kwa mganga wa tiba asili badala yake?

Tiba asili inatambuliwa kisheria nchini Tanzania tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na lipo baraza linalosajili watoa huduma hiyo. Hatumdharau anayekwenda huko. Tunaelewa kinachompeleka: huko anakaribishwa, anaulizwa habari za nyumbani, anasikilizwa hadi mwisho, mambo ambayo hospitali ingeweza kuyatoa bure na haiyatoi.

Madhara tunayoyaona huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni muda. Wagonjwa wengi wa saratani hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa katika hatua za mwisho, na ingawa ni kweli kwamba wengine walicheleweshwa na hospitali zenyewe, wengine walikuwa wakitumia dawa za mitishamba huku uvimbe ukikua. Ya pili ni mchanganyiko: baadhi ya mitishamba huumiza ini na figo, au hugongana na dawa za moyo, kisukari au VVU. Ukitumia, mwambie daktari. Akikufokea kwa hilo, amekosea, lakini bado anahitaji kujua. Na umkimbie mara moja yeyote, wa kienyeji au wa hospitali, anayekuahidi kuponya magonjwa yote kwa dawa moja au anayekuagiza uache dawa za VVU, kisukari au kifafa.

Nikitaka kulalamika, naanzia wapi?

Anzia palepale, kwa maandishi. Katika hospitali ya umma nchini Tanzania mtu wa kumwendea kwanza ni mganga mfawidhi, na hospitali kubwa huwa na maafisa ustawi wa jamii wanaoweza kukusaidia kuandika. Usiporidhika, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Malalamiko yanayohusu mwenendo wa daktari mwenyewe hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na ya muuguzi au mkunga hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mabaraza hayo yana mamlaka ya kusimamisha au kufuta usajili. Nchini Kenya, baraza la madaktari na madaktari wa meno, linalojulikana kwa kifupi cha KMPDC, hupokea malalamiko dhidi ya madaktari na hospitali, nao maafisa tabibu na wauguzi wana mabaraza yao.

Malalamiko yenye nguvu ni yale yenye tarehe. Eleza ulifika saa ngapi, ulimwambia nani nini, ulijibiwa nini, ulipewa nini, kisha nini kikatokea. Ondoa matusi na makisio juu ya nia ya mtu. Sema pia unataka nini, maana wengi husahau: maelezo, kuombwa radhi, kurudishiwa gharama, au utaratibu ubadilishwe.

Ninaogopa kwamba nikilalamika nitalipiziwa kisasi.

Hofu hiyo ina msingi, hasa mahali penye hospitali moja tu na mgonjwa bado yuko wodini. Tunawashauri ndugu waangalie kwanza kama mgonjwa anaweza kuhamishwa kwa rufaa, na malalamiko yaliyoandikwa yafuate baadaye. Ikiwa haiwezekani kuhama, zungumza na muuguzi kiongozi wa wodi kwa faragha kabla ya kwenda juu zaidi, na uhakikishe kwamba mgonjwa hakai peke yake wakati wa duru ya madaktari. Sanduku la maoni linasaidia kwa mambo ya jumla kama uchafu na lugha chafu. Kwa mgonjwa aliyedhurika halitoshi.

Na fidia?

Mahakamani utatakiwa kuthibitisha kwamba mtoa huduma alikuwa na wajibu kwako, kwamba aliuvunja kwa kiwango ambacho mtaalamu mwangalifu asingefikia, na kwamba madhara yako yalitokana na hilo. Hiyo ya tatu ndiyo inayoangusha kesi nyingi, kwa kuwa mgonjwa alikuwa tayari anaumwa, na hospitali itasema kwamba ni ugonjwa uliomdhuru. Utahitaji daktari mwingine wa kutoa ushahidi, na si rahisi kumpata. Muda nao una kikomo: kwa kawaida madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 katika nchi zote mbili, na anayeishtaki serikali ya Tanzania hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Mwone wakili mapema, hata kama bado hujaamua.

Ndugu yetu amefariki na hatuelewi kilichomuua. Bado tunaweza kujua?

Mnaweza kuomba uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Tunajua uamuzi huu ni mzito, hasa kwa familia ambazo dini au mila zinawataka wazike upesi, na hatumlaumu anayekataa. Lakini pale ambapo familia inahisi kwamba kulikuwa na kosa, ni ushahidi ambao hautapatikana tena kirahisi. Hata msipoufanya, ombeni kikao na daktari aliyemtibu, mwende wawili au watatu na maswali yaliyoandikwa. Hospitali nyingi huogopa vikao hivi zikidhani kwamba kila neno litapelekwa mahakamani, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya ndugu waende huko. Familia nyingi hutaka kwanza mtu mmoja wa kuwatazama usoni na kusema kilichotokea.

Mtoto ana homa usiku huu na siamini kituo kilicho karibu. Ningoje asubuhi?

Usingoje ikiwa hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Hizo ni dalili za hatari zinazofundishwa kwa watoa huduma wote wa watoto wadogo, na hata kituo usichokiamini kinaweza kumpa dawa ya kwanza na barua ya rufaa huku usafiri ukitafutwa. Anayehema kwa shida au haraka kuliko kawaida naye apelekwe usiku huohuo. Kama hana dalili hizo, mpe maji au maziwa mara kwa mara, umvue nguo nzito, na apimwe malaria mapema kesho, ukimwangalia usiku kucha. Ukienda, chukua kadi ya kliniki na pakiti za dawa alizokwisha kunywa, umwambie anayekupokea saa aliyopewa dozi ya mwisho.